KADI YA PICHA: TAZAMA UMEME KABLA YA JINA

Jioni moja sajini mmoja alinijia ofisini akiwa na kifurushi cha gazeti kuukuu, na ndani yake mlikuwa na kadi ya picha ya kompyuta. Huyu ni mmoja wa askari wetu waliohudumu Somalia, ambako jeshi letu lilianza kupeleka vikosi Desemba 2007. Katika akiba ya kazi ile alikuwa ametenga fedha kidogo kwa ajili ya kijana wake, ambaye kwa muda wa mwaka mzima amekuwa akijiundia kompyuta ya michezo nyumbani kwao Buyenzi, leo kipande hiki, kesho kile. Kadi ilikuwa kipande cha mwisho. Juu yake paliandikwa GTX 1050 Ti, kumbukumbu gigabaiti 4.

“Afande,” akaniambia, “mchezo unafunguka vizuri, kisha picha zinachanika na kompyuta inaganda. Muuzaji anasema kosa ni la mtoto.”

Kosa halikuwa la mtoto. Kadi ya picha huchomekwa katika bodi kuu ya kompyuta, na kazi yake ni kuchora kila kinachoonekana kwenye skrini. Mchezo ukitaka kwenda laini hudai picha zipatazo 60 kwa kila sekunde, nayo kadi huziandaa kwa kutumia kumbukumbu yake yenyewe. Tuliifungua programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 hutambua kadi za kughushi na kuliandikia jina lake neno la kuzifichua. Kumbe ile ilikuwa GTS 450, kadi ya mwaka 2010, ambayo wajanja wameibadilishia maandishi ya ndani ili ijitangaze kwa jina la kigeni. GTX 1050 Ti halisi ina viini 768 vya kuchorea. Hii ilikuwa na 192. Gigabaiti 4 zilikuwa maneno matupu, na mchezo ulipodai nafasi zaidi ya ile iliyokuwapo kweli, ndipo kila kitu kilipoganda.

Sajini aliniuliza swali la haki: angeitambuaje dukani, pasipo programu? Nikamwonyesha tundu la buluu lenye vishimo 15, lile la kuunganishia skrini za zamani. Kadi za jamii ya GTX 1050 Ti, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, hazitoi tena ishara ya aina hiyo. Basi kadi yenye jina hilo na tundu la buluu yafaa ishukiwe papo hapo. Lakini ajabu ni kwamba tundu hilo hilo ndilo lililomvutia. Skrini ya kijana ni kuukuu, inapokea waya wa buluu peke yake. Na skrini za namna hiyo ni nyingi mitaani mwetu. Mnunuzi huona tundu linalolingana na waya wake, akaridhika. Angenunua kadi halali pamoja na kigeuzi kidogo cha ishara, ambacho bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kadi, angeepukana na hasara yote hiyo.

Ikiwa hasira inampanda mtu, humpanda pia haraka ya kulipiza. Sajini alikuwa amekwisha kusikia habari za kadi nyingine, RX 580, yenye gigabaiti 8, inayouzwa rahisi ikiwa imetumika. Alitaka kuchukua mkopo kidogo ainunue siku iliyofuata. Hapo ndipo nilipomwomba aketi.

Nilimwuliza: Sajini, sanduku la kompyuta hiyo lilikuwa la nini hapo mwanzo? Akasema ni Dell OptiPlex 7010, kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya. Ni mashine imara, na bei yake hustahimilika. Ndiyo maana vijana wetu huzichukua na kuzigeuza kuwa za michezo. Lakini mashine hiyo ya mwaka 2012 iliundwa kwa ajili ya barua na hesabu. Ile yenye sanduku jembamba, kama ya kijana huyu, ina pawa saplai ya wati 240 tu.

Tufanye hesabu kama mwenye kugawa posho ya kikosi. Prosesa ya i5 iliyomo humo hula hadi wati 77. RX 580 peke yake hudai wati 185. Jumla ni 262, na hatujaigusa bodi, diski, wala feni. Isitoshe, tundu refu la bodi ambamo kadi huchomekwa limewekewa mpaka wa wati 75. Kinachozidi hapo lazima kipitie waya wa nyongeza kutoka kwenye pawa saplai, na pawa saplai ile haina waya huo. Mafundi wengine huunga waya wa diski ili kuitimizia kadi haja yake. Huo ni mchezo wa moto. Waya ule haukukusudiwa kubeba mzigo wa namna hiyo.

Na hapa Bujumbura swali la wati haliishii ndani ya sanduku. Umeme hukatika, kisha hurudi kwa kishindo. Mwenye busara huweka sanduku la betri la kuishikilia kompyuta kwa dakika chache, apate kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Masanduku ya kawaida ya 650 VA hustahimili takribani wati 360 hadi 390. Kompyuta yenye kadi ya wati 75 pamoja na skrini hukaa hapo kwa raha; yenye kadi kubwa husukuma betri hadi ukomo wake. Na kila wati inayoliwa hugeuka joto, katika mji ulio kando ya ziwa ambao hauna baridi ya kusaidia feni, na ambao kiangazi huuletea vumbi.

Kwa hiyo, kwa mwenye sanduku la ofisi, shauri langu ni kadi isiyodai waya wa nyongeza. GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019 kwa dola 149 huko Marekani, ina gigabaiti 4 na hula wati 75. Angalia tu kwa makini, maana baadhi ya matoleo yake yamewekewa tundu la waya. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024, hula wati 70 nayo ina nguvu zaidi. Mwenye uwezo aichukue hiyo. Kwa sanduku jembamba tafuta toleo fupi la kimo, la sivyo kifuniko hakitafungika. GTX 1050 Ti, hata ikiwa halisi, sasa siipendekezi, kwa kuwa mwezi Oktoba 2025 watengenezaji walikoma kuitolea programu mpya za kuendeshea michezo. Zilizobaki ni za usalama tu.

Mwenye kuanza upya kwa sanduku kubwa na pawa saplai nzuri ya wati 500, habari yake ni nyingine. Huyo namshauri RX 6600 ya mwaka 2021, gigabaiti 8, wati 132. Pawa saplai yenyewe asiichague kwa bei ya chini kabisa. Nyepesi kama kopo tupu, ingawa imeandikwa 500, irudishe rafuni.

Kadi zilizotumika si haramu. Nyingi zilikuwa zikichimba sarafu za mtandao, zikageuzwa bidhaa ya rejareja baada ya Ethereum kuachana na kazi hiyo tarehe 15 Septemba 2022. Zimewaka usiku na mchana kwa miezi. Nyingine nzima, nyingine zimechoka kumbukumbu. Dai iendeshwe mbele yako kwa nusu saa, mchezo ukiwa wazi. Muuzaji anayekataa amekwisha kukujibu. Na ukikuta RX 580 yenye nyongeza ya “2048SP”, ujue ina viini 2048 badala ya 2304 vya ile kamili. Bei yake iwe ya RX 570.

Kijana lazima aelezwe ukweli pia. GTX 1650 huicheza GTA V ya awali na michezo mingi ya mpira bila taabu. Lakini mchezo kama Indiana Jones and the Great Circle wa mwaka 2024 hautafunguka humo kwa desturi, maana unadai kadi ya jamii mpya zaidi. Afadhali ayasikie hayo kabla fedha haijatoka.

Muuzaji, alipoonyeshwa yale maandishi ya GPU-Z, alirudisha nusu ya fedha baada ya maneno mengi. Sajini aliongeza akiba ya miezi miwili, akanunua GTX 1650 fupi iliyotumika pamoja na kigeuzi cha skrini, baada ya kusimama dukani nusu saa akiitazama ikifanya kazi. Jumapili iliyofuata nilipita Buyenzi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri. Kijana alikuwa ameketi mbele ya skrini nyeusi, kifuniko cha sanduku kimefungika barabara, akisubiri.