Kabla ya Kupanda Ua, Tazama Njia ya Maji

Mtu asafiriye siku hizi kutoka mji wa Wote kwenda Kibwezi, au kutoka mji wa Kitui kuelekea Mutomo, ataona nyumba nyingi nzuri za mawe na matofali, zenye mapaa ya mabati. Wenye nyumba hizo wamejinyima mengi ili wazijenge, nao wastahili sifa. Lakini mara nyingi uwanja unaoizunguka nyumba huachwa uwe jambo la mwisho. Nyumba ikiisha, mwenyewe hununua nyasi na miche ya maua iliyompendeza alipokuwa Nairobi, akaipanda popote palipo wazi. Mvua kubwa ya Novemba ikinyesha, maji ya paani na ya mlimani huchukua nyasi, mbolea na udongo pamoja. Kisha huja kiangazi, na miche iliyosalia hudai maji ambayo mama wa nyumbani ameyafuata mbali kwa punda, akayachimbua katika mchanga wa mto mkavu.

Kosa hapo si kupenda maua. Kosa ni kuanza na maua. Katika nchi ya Ukambani, apangaye uwanja ni maji. Na mwenye nyumba asiyeyauliza maji kwanza, hupanga kazi mara mbili.

Wazee walilijua jambo hili. Mji wa Kikamba ulikuwa na mpango wake: zizi la ng'ombe mahali pake, nyumba mahali pake, na nje ya lango palikuwa na thome, uwanja ambapo wanaume walikaa jioni kuota moto na kuzungumza. Kila mahali palikuwa na kazi yake. Mpango wa kisasa hauna haja ya kuyadharau hayo. Kiti cha mawe chini ya mti, kwenye upepo, karibu na lango, ni thome hiyo hiyo kwa sura mpya.

Vita vya kuuhifadhi udongo navyo si vya jana. Katika miaka ya 1930, sehemu nyingi za Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa ndani yake hadi mwaka 1992, zilikuwa zimeliwa na makorongo. Serikali ya kikoloni ilitaka kupunguza mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu ili kutoa malalamiko yao. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, na mengi ya matuta hayo hayakudumu. Lakini wakulima walipoiona faida kwa macho yao, walichimba wenyewe, mara nyingi kwa mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi, na waliendelea hata baada ya Uhuru wa mwaka 1963. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoeleza kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara 5 tangu miaka ya 1930 hadi 1990, na huku mmomonyoko ulikuwa umepungua. Fundisho lake lafaa hata kwa uwanja wa nyumba moja: mpango hudumu pale mwenyewe anapofahamu sababu yake.

Basi yafaa kuanzaje? Kwanza, mwenye nyumba asimame nje mvua inaponyesha, aangalie maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Kisha achore ramani ya kiwanja, aonyeshe nyumba, jiko, choo, zizi, njia na upande wa mteremko. Choo kikae upande wa chini wa kisima na mbali nacho, kwa uchache mita 30.

Pili, apime usawa wa ardhi kwa kamba, fito mbili na pimamaji. Mtaro huchimbwa kwa kuufuata usawa huo, na udongo hutupwa upande wa juu. Njia hii ndiyo iitwayo fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeenea hata kwa wataalamu wa nchi za mbali. Juu ya tuta hupandwa majani ya ng'ombe, nayo hulishika lisibomoke. Mwaka hata mwaka udongo hujikusanya nyuma yake, na mteremko hugeuka kuwa ngazi. Hapo ndipo pa kupanda maembe, mipapai na hata maua.

Tatu, ahesabu maji ya paa. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 likipata mvua ya milimita 10, hupokea lita 800, yaani madebe 40 ya lita 20. Ingawa sehemu yake hupotea, yanayobaki si haba. Tangi la lita 10,000 lililojaa hutosha siku 100 kwa jamaa watumiao lita 100 kwa siku. Maji ya kuogea na kufulia yaelekezwe kwenye mashina ya miti, yasimwagwe njiani.

Nne, achague miti ya nchi yake. Mukau huvumilia ukame, mbao zake hazipendwi na mchwa, na majani yake ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Mbegu yake ina ganda gumu na huota kwa shida, kwa hiyo ni heri kununua miche iliyo tayari. Miti mikubwa isipandwe karibu na ukuta wala tangi, maana mizizi yake hupasua. Naye apandaye mnyaa kuwa ua akumbuke kwamba utomvu wake ni hatari kwa macho ya watoto.

Mwenye uwezo aweza kumwajiri mtaalamu. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoko Juja, hufundisha kazi hii ya kupanga mandhari. Kabla ya kulipa fedha, aulize: je, ramani yaonyesha mteremko na njia ya maji? Je, kila mti uliotajwa utaishi bila kunyweshwa baada ya kushika mizizi? Je, kazi yaweza kugawanywa kwa misimu, kadiri ya mfuko? Mtaalamu mwema hatachukizwa na maswali hayo.

Uwanja uliopangwa hivyo hupendeza macho, lakini uzuri wake mkubwa ni kwamba tangi lina maji na punda amepumzika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Kitui na Makueni ufa huo huanza kama mfereji mdogo mlangoni, nao huzibwa kwa jembe kabla ya mvua kunyesha.