Unauza pedeli ya gia? Muulize mteja anavaa nini

Wadau, hii imenigharimu. Mteja wa kisiwani Rukuba aliagiza pedeli ya gia ya pikipiki, nikamtumia ya mbele tu. Kumbe jamaa anaendesha na ndala! Ile lazima uinyanyue kwa juu ya vidole, inaumiza. Ikarudi Musoma kwa boti, nauli ya kwenda na kurudi nikalipa mimi.

Ya mbele na nyuma unakanyaga tu: vidole mbele, kisigino nyuma. Kiatu hakichubuki. Ubaya wake inabana mguu, hasa mwenye buti, na ukiegemeza kisigino vibaya gia inaingia yenyewe.

Kabla hujatuma, omba picha ya pedeli ya zamani na meno ya shafti. Kuuliza ni bure, boti ni hela.