Picha ya Kinyonga Bila ya Kumtesa

Kinyonga akionekana uani katika mitaa yetu ya pwani, mmoja hupiga ukelele, wa pili huinama kuokota jiwe. Na siku hizi amezuka wa tatu: huyu hutoa simu mfukoni, akamvuta kinyonga mkia ili amweke penye mwanga, akampiga picha. Watatu hawa waonekana ni watu mbalimbali. Kwa kinyonga, wote ni adui mmoja.

Jambo hili nalilifikiri sana nilipokuwa Kakamega, magharibi ya Kenya, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Huko uko msitu wa mvua ambao ni mabaki ya misitu mikubwa ya Kongo yaliyobakia upande huu wa mashariki. Sehemu yake ya kaskazini, ya Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Ndani yake wamo vinyonga wadogo walio mfano wa jani kavu, wasiofika urefu wa kidole. Wamo wengine wa kijani ambao jike lake halitagi mayai bali huzaa watoto hai. Wamo pia mijusi wakubwa wa mitini, madume yao yana vichwa vya buluu. Wageni huwafuata kwa kamera, nao watoto wa vijijini huwabeba vijitini kuwaonyesha wapita njia.

Na huko pia, ndugu msomaji, kinyonga hana jina zuri. Wabukusu, ambao ni katika jamii ya Waluhya, wana kisa kilichoandikwa na mtaalamu wa Kijerumani Günter Wagner katika kitabu kilichotoka mwaka 1954. Husimuliwa kwamba kinyonga alifika kwa Maina, mwana wa mtu wa kwanza, akamkuta anakula. Akaomba chakula, akanyimwa. Akaomba tena, akafukuzwa. Ndipo alipomlaani Maina na kizazi chake kwamba watakufa. Kisha akenda kwa nyoka, naye akampa chakula. Akambariki awe akizeeka hujivua gamba akaishi.

Wengi husikia kisa hiki wakamchukia kinyonga. Mimi naona kosa si lake. Mgeni mwenye njaa kafika mlangoni, mwenye nyumba akamnyima. Sisi watu wa pwani, tunaojisifu kwa kukirimu mgeni, twapaswa kuwa wa mwanzo kuelewa ni nani aliyevunja ada.

Lakini nasi tuna letu. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim juu ya mjusi aitwaye kwa Kiarabu wazagh, aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahim, alayhi salaam, twaijua sote. Ndiyo asili ya kumwita mjusi wa ukutani kafiri. Balaa ni kwamba kila kitambaacho kimetiwa katika jina hilo. Kinyonga kwa Kiarabu ni hirbaa, mnyama mwingine kabisa. Na hata huyo wazagh, mapokezi ya Muslim yasema thawabu za anayemuua kwa pigo moja ni nyingi kuliko za anayerudia rudia. Hapo hapana ruhusa ya kutesa. Tena imepokewa kwamba Ibn Umar alipowakuta vijana wamemfunga kuku wanamlenga kwa mishale, aliwakemea, akawakumbusha kuwa Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Sisi Waswahili husema kupiga picha. Basi na tuangalie pigo letu lisiwe la namna hiyo.

Sababu ya kusema haya ni kwamba wengi hawajui wanachokitazama. Yadhaniwa kinyonga hugeuka rangi afanane na nguo au ukuta. Sivyo. Rangi yake ni hali yake: joto, baridi, hasira, hofu, au kumtaka mwenziwe. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza, kwa kumchunguza kinyonga wa Bukini, kwamba ngozini mna chembe ndogo mno kama vioo. Zikikaribiana au kuachana, nuru hurudi kwa rangi nyingine. Basi yule kinyonga aliyeiva weusi, kajaza pumzi, kinywa wazi, ambaye picha yake husifiwa na kila aionaye, aghlabu ni kiumbe anayeomba aachwe.

Kijana aliyeniongoza msituni Kakamega alinionyesha namna ya kumpokea. Usimshike kwa juu, maana ndege wanaomla humjia kwa juu. Weka mkono au kijiti mbele yake, chini kidogo ya kidevu, umwache apande mwenyewe. Usimng'oe tawini: vidole vyake vimegawanyika kama koleo, tena mkia nao hushika, ukimvuta wamuumiza viungo. Usimbane tumbo, huenda akawa jike mwenye watoto. Na mjusi wa kawaida usimkamate mkia, kwani wengi huukata wakakimbia, na humo ndimo walimoweka akiba ya mafuta. Mkia huota tena, lakini kwa gharama ya mwili wake.

Nawe mwenye kupenda manukato, nawa kwanza. Marashi, mafuta ya udi na dawa ya mbu si vitu vya kugusishwa ngozi ya mnyama huyu. Ukimaliza nawa tena kwa sabuni, hasa watoto, kwa kuwa mijusi huweza kuchukua vijidudu vya salmonela viharishavyo.

Ama picha yenyewe, bora ni ile anayopigwa akiwa palepale alipo. Piga magoti ulingane na jicho lake. Usimweke juani akushikie pozi, kwani mwili wake hauna joto lake mwenyewe, na jua kali humuua. Usiku, alalapo amepauka ncha ya tawi, usimwamshe kwa miale ya kamera mara kumi. Wako wapigaji picha duniani ambao huwatia mijusi katika friji wazubae, au huwafunga kwa nyuzi wakae mikao ya kuchekesha. Huo ni ukatili uliovikwa nguo ya sanaa. Dakika chache zatosha. Kisha mrudishe kwenye mti uleule. Haraka haraka haina baraka, na mnyama huyu mwenyewe ndiye mwalimu wa methali hiyo.

Atakaye kumfuga ajue mambo mawili. Kwanza, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali, na biashara ya vinyonga baina ya mataifa ina udhibiti wa mkataba wa CITES. Pili, kinyonga hanywi bakulini kama paka. Hunywa matone ya majani, hula wadudu walio hai, hutaka matawi na hewa. Katika kikasha cha viatu hufa kimyakimya, mwenyewe akidhani amelala.

Wazee wenzangu, watoto wetu hujifunza huruma kwa viumbe wadogo kabla ya kuijua kwa watu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtoto akiokota jiwe, mwambie aweke chini, akae kitako amtazame kinyonga lile jicho moja likiangalia mbele na la pili nyuma. Akishatosheka kutazama, na apige picha moja, kisha wote wawili wende zao salama.