'Mama yupo nyumbani tu': Kazi isiyohesabiwa kingo mbili za Ruvuma

Maji yakipwa siku za bamvua, wanawake wa Msimbati, Mtwara, hushuka mwambani na vijiti kuchokoa pweza. Wakirudi kuna shamba la mihogo, kuni na chakula cha jioni. Lakini karani wa takwimu akibisha hodi, baba mwenye nyumba anaweza kujibu kwa wepesi: "Mke wangu hafanyi kazi, yupo nyumbani tu."

Jibu hilo dogo hubeba mambo makubwa. Kiwango cha ushiriki katika nguvu kazi ni sehemu ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi walio kazini au wanaotafuta kazi. Anayefanya kazi ya kipato japo saa moja katika wiki iliyotangulia huhesabiwa yumo. Mama aliyeuza pweza wawili tu, yumo.

Kwa kipimo hicho, Tanzania na Msumbiji zinafanana sana. Katika kila nchi, takriban watu wanane kati ya kumi wamo, wakati wastani wa dunia ni kama sita kati ya kumi. Wanawake nao hawako mbali na wanaume.

Je, hiyo ni sifa? Si lazima. Penye akiba na pensheni, mzee hupumzika na kijana hukaa shuleni muda mrefu. Penye uhaba, kila mkono hushika jembe. Kwa miaka mingi viwango vya nchi zote mbili vimekuwa vikishuka polepole, na sababu mojawapo ni njema: watoto wengi zaidi wapo darasani. Tanzania iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2001, na mwaka 2016 ikaondoa ya sekondari hadi kidato cha nne.

Ila kuna mtego. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), walibadili maana ya ajira. Anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani tu huwekwa fungu lake, nje ya ajira. Wamakonde wanaishi ng'ambo zote mbili za mto. Ndugu wawili, mmoja Mtwara na mwingine Palma, wenye jembe la aina moja na mihogo ya aina moja, wanaweza kuangukia mafungu tofauti iwapo nchi moja inatumia maana ya zamani na nyingine mpya. Anayelinganisha miaka au nchi aulize kwanza: nani alihesabiwa, na kwa maana ipi?

Tena wastani wa taifa hufunika maumivu. Machi 2021 Palma ilishambuliwa, na maelfu ya familia zikaacha mashamba na vyombo vya uvuvi. Asilimia ya nchi nzima haionyeshi jembe lililobaki shambani.

Kupika na kulea havimo katika ajira kwa maana zote mbili, lakini pweza, chumvi na korosho zinazouzwa zimo. Kwa hiyo karani akija, mama ajibu mwenyewe. Na baba asiseme "yupo nyumbani tu" kabla ya kumuuliza mkewe: "Wiki hii umefanya nini?" Huenda orodha ikawa ndefu kuliko ya kwake.