Neno Moja la Kiingereza na Maneno Yetu Mengi

Leo tulipime neno moja la Kiingereza, nalo ni "hanging", ambalo shina lake ni "hang". Mwanafunzi alitafutapo katika kamusi hushika maana ya kwanza, kisha huitumia kila mahali. Hapo ndipo apoteapo.

Tutazame kwanza mambo ya nyumbani. Hapa Ubaruku, katika bonde la Usangu, mtu arudipo shambani huangika koti lake msumarini. Mfuga nyuki hutundika mzinga mtini. Mahindi ya mbegu hufungwa pamoja kwa maganda yake, yakaning'inia juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu. Nguo zilizofuliwa huanikwa kambani. Naye aliyehukumiwa kufa kwa kitanzi hunyongwa. Sisi twatumia maneno matano. Mwingereza hutosheka na hilo moja.

Hata hivyo, yeye naye ana hadhari yake. Akisimulia jambo lililopita, koti au mzinga husema "hung". Bali mtu aliyeuawa kwa kitanzi husema "hanged". Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni huko Songea, na Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Mwanafunzi akiandika "hung" kwa habari hiyo, amewataja wazee wale kana kwamba ni makoti ukutani. Waingereza wengine huchanganya maneno hayo, lakini mtahini hatakubali udhuru huo.

Tena neno hilo likiunganishwa na jingine hugeuka kabisa. "Hang about" ni kuzurura. "Hang back" ni kusita. Maelezo yakiwa "hang together", maana yake yanashikamana. Hapo hapana kamba wala msumari.

Lakini tusijisifu, kwa maana Kiswahili nacho kina mtego wake. Wahenga walisema: Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Katika methali hiyo hamna kitanzi wala hakimu. Ni shingo iliyosongwa kwa mikono. Hata mpanda baiskeli twasema anainyonga. Basi shahidi akisema mahakamani, "Nilimkuta amenyongwa," je, ni kwa kamba au kwa mikono? Mwingereza hutenga mambo hayo mawili, kwani mtu aliyesongwa kwa mikono humwita "strangled". Mkalimani akikisia, akatoa neno lisilo lake, ushahidi wote umepinda, na mshitakiwa aweza kupotewa na haki yake kwa kosa la neno moja.

Kwa hiyo, kabla ya kufasiri, uliza mambo matatu: Ni mtu au ni kitu? Ni nani aliyetenda? Alitenda kwa njia gani? Ukiisha kupata majibu, neno lifaalo litajileta lenyewe. Na usipoyapata, si aibu kumwomba msemaji aeleze tena.