Mishahara inalala wapi? Hesabu ya vyumba Korogwe na Handeni

WAFANYABIASHARA wengi wenye akiba ndogo huuliza swali moja: kati ya Korogwe na Handeni, wapi panafaa kujenga vyumba vya kupangisha? Wengi wao hutazama wingi wa watu na magari barabarani. Kipimo hicho hupotosha. Kinachojaza vyumba ni mishahara inayolala mahali hapo, pamoja na nauli ambayo mwenye mshahara angelipa kama angelala kwingine.

Mkonge unatoa somo la kwanza. Katika mashamba ya Korogwe kama Magunga, Ngombezi na Hale, tajiri ndiye aliyejenga kambi za vibarua. Mkataji alilala jirani na kazi yake, hivyo mwenye nyumba binafsi hakuwa na mpangaji huko. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zilibaki tani kama 20,000 tu. Ajira ilipokauka, kambi nyingi zilibaki na wazee na familia zao, bila wa kuezeka upya. Nyumba iliyotegemea kazi moja ilianguka pamoja na kazi hiyo.

Tangu mwaka 1999, baadhi ya mashamba hayo yamekuwa yakigawa maeneo kwa wakulima wadogo wa mkonge. Mkulima wa namna hiyo hatafuti chumba, bali hujenga kwake kidogo kidogo, msimu baada ya msimu. Anayefaidika naye ni muuza bati, saruji na misumari, siyo mwenye vyumba.

Hali ni tofauti kwa walimu, wauguzi na makarani. Serikali ilipoanza kuwauzia watumishi nyumba zake mwaka 2002, waliohamishiwa wilayani baadaye walikuta nyumba hizo zina wenyewe, wakaingia mitaani kutafuta vyumba. Hawa ndio wapangaji wa kutegemewa, kwa sababu mshahara wao hautegemei mvua wala bei ya singa huko ng'ambo. Hata hivyo, wengi wao hujenga kwao na kuhama pindi wakipata kiwanja au uhamisho.

Nauli ndiyo mizani. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65, na lami iliyowekwa katika miaka ya 2010 imefupisha safari. Lakini safari fupi bado siyo safari ya bure. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kibarua analipa Sh. 1,000 ya bodaboda kwenda na Sh. 1,000 kurudi, kwa siku 26. Hiyo ni Sh. 52,000 kwa mwezi. Chumba cha mbali cha Sh. 20,000 kinamgharimu jumla ya Sh. 72,000. Chumba cha Sh. 50,000 kilicho jirani na kazi ni nafuu zaidi kwake. Mwenye nyumba anayeshindana kwa kushusha kodi, huku nyumba yake iko mbali, anashindana na bodaboda, na atashindwa.

Segera, njia panda ya Tanga na Moshi, inawavutia wengi kwa mabasi na malori yake. Fedha ipo, lakini abiria anakula na kuondoka. Mahali pa namna hiyo panafaa fremu za biashara, mgahawa na gesti kwa madereva. Vyumba vya kodi ya mwezi huhitaji watu wanaoajiriwa hapo hapo.

Tahadhari nyingine ni miradi mikubwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita Handeni. Ujenzi wa bomba huajiri watu wengi kwa muda. Uendeshaji wake huajiri wachache kwa miaka. Vyumba sita vya Sh. 40,000 huleta Sh. 2,880,000 kwa mwaka. Vikikaa tupu miezi minne, hubaki Sh. 1,920,000. Kama ulikopa kwa kutegemea hesabu ya kwanza, benki haitasikiliza habari ya mradi kwisha.

Kabla ya kununua tofali, zunguka eneo hilo saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili usiku. Hesabu wanaotoka kwenda kazini na wanaorudi kulala. Uliza wanalipwa kwa mwezi, kwa kipande au kwa msimu. Uliza pia maji, kwani mpangaji wa Handeni anayenunua maji kwa dumu huyahesabu pamoja na kodi. Eneo lenye waajiri watatu wadogo ni salama kuliko lenye mwajiri mmoja mkubwa. Waliobaki kambini Korogwe wanalijua hilo vizuri.