Chuma cha mtumba, mpira mpya

Mwenye pikapu ya zamani akiulizia boljointi au shokapu katika maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, au kule Kirinyaga Road, Nairobi, mara nyingi huwekewa kaunta vitu vitatu: kipya chenye boksi la Toyota, kipya cha bei poa chenye jina asilowahi kulisikia, na cha mtumba kilichokuja na kontena kutoka Japani au Sharjah. Cha kwanza kinamtisha kwa bei, cha pili kinamtia shaka, na hapo ndipo anapopewa ushauri wa mjini: bora mtumba wa Mjapani kuliko mpya wa Mchina. Ushauri huo ni wa kweli kwa chuma. Ukivuka chuma ukaingia kwenye mpira, oili na grisi, unamdanganya mnunuzi, kwa sababu unajibu swali la nani alikitengeneza kifaa na kulinyamazia swali la pili: kimebakiwa na uhai kiasi gani.

Tuchukue Toyota Hilux, pikapu ya kazi ambayo wengi wanaifahamu. Kizazi chake cha tano, cha 1988 hadi 1997, kina sasipensheni za mbele za aina zaidi ya moja. Zipo za 4WD zenye eksile nzima iliyokalia majani ya springi, na zipo zenye mkono wa juu na wa chini kila upande, zikibebwa na torsheni baa. Hilux Vigo iliyoanza kutoka 2004 ina springi za koili mbele. Kwa hiyo anayeomba “shokapu ya Hilux ya '95” ni sawa na mtu anayemtajia fundi cherehani jina la ukoo wake akitaka kushonewa suruali. Kinachotakiwa ni namba ya chesisi, na kutoka hapo namba ya spea. Namba ya spea ya Toyota kwa kawaida ina sehemu mbili zenye tarakimu au herufi tano kila moja. Tano za mwanzo zinataja kifaa chenyewe: 48531 ni shokapu ya nyuma, 45046 ni tairodi endi, 43330 ni boljointi ya chini. Tano za mwisho zinakitofautisha na ndugu zake, na ndani yake mara nyingi unaona ni ya gari gani: 35 kwa Hilux nyingi za zamani, 60 kwa Land Cruiser, 0K kwa ukoo wa Vigo. Namba zenyewe hubadilishwa kadiri miaka inavyokwenda, ya zamani ikafutwa na mpya ikashika nafasi yake. Boksi lenye namba tofauti na ile ya kitabu cha spea halitoshi kumwita muuzaji tapeli. Linatosha kumwomba aonyeshe namba hizo mbili zinahusiana vipi.

Na hilo jina la orijino, au jenyuini kama wanavyolitamka madukani, lina maana gani hasa? Toyota haitengenezi kila kifaa inachokifunga kwenye gari. Shokapu nyingi za magari yake zimetoka KYB na Tokico. Boljointi za chapa ya 555 zinatoka kampuni ya Sankei ya Japani, nazo zinaheshimika mitaani hata bila boksi la Toyota. Kifaa cha mtengenezaji wa aina hiyo, kikiuzwa kwa jina lake mwenyewe, ni chaguo la heshima na kwa kawaida ni nafuu. Tatizo ni kwamba chapa inayoaminika ndiyo inayolipa kuigwa, na boksi ni karatasi tu. Lebo, msimbo na hata ile stika inayong'aa vinaweza kunakiliwa. Kigumu kunakili ni kazi ya ndani ya kifaa: alama ya mtengenezaji iliyokaa kwenye chuma chenyewe, nyuzi za bolti zilizokatwa safi, mpira wa kuzuia vumbi uliokaza pande zote, na mpira wa chuma wa boljointi unaozunguka kwa ugumu ule ule kutoka upande mmoja hadi mwingine. Boljointi mpya inayocheza kirahisi kama kijiko ndani ya kikombe haifai, hata boksi liwe zuri namna gani.

Atakayepinga atasema hata orijino huharibika, na ana haki. Mwaka 2005 Toyota iliyaita magari mamia ya maelfu nchini Marekani, zikiwemo pikapu za Tacoma na Tundra, kwa sababu boljointi za chini zilikuwa na mikwaruzo iliyotokea wakati wa kutengenezwa na zingeweza kulika kabla ya wakati. Oktoba 2018 KYB nayo ilikiri kwamba takwimu za ukaguzi wa vifaa vyake vya kuzuia majengo kutikisika wakati wa tetemeko zilikuwa zimeghushiwa. Kwa hiyo jina kubwa si hirizi. Lakini tazama kilichofuata: kosa lilijulikana, magari yaliyohusika yalitambulika, na kampuni ikalazimika kusimama mbele na kujibu. Kifaa feki kikikatika mteremkoni, hakuna namba ya kufuatilia wala wa kumuuliza. Bei ya orijino, kwa maoni yangu, ni bei ya kifaa chenye mwenyewe. Ndiyo maana risiti ya kodi (EFD) yenye jina la duka, ikiandikwa namba ya spea na si “spea za gari” tu, ina uzito kuliko stika yoyote inayong'aa.

Sasa turudi kwenye mtumba. Chuma cha kufuliwa au cha kusubu, kama vile mkono wa chini, shekeli au kitako cha springi, huchoka kwa mzigo na kupigwa. Kukaa tu juani hakukimalizi, ukiondoa kutu, na uchovu wake mara nyingi huacha dalili: ufa, kupinda, kutu iliyokula unene, tundu la bolti lililotanuka. Mkono wa chini wa Kijapani uliotoka kwenye gari lililotembea lami, usio na alama ya kugongwa wala kuchomelewa, ni ununuzi wa busara kuliko mpya ambao haijulikani chuma chake kilitoka wapi. Majani ya springi nayo yanaweza kununuliwa ya mtumba, mradi uyakague kuzunguka tundu la senta bolti, mahali nyufa hupenda kuanzia, na ulinganishe upinde wa kulia na wa kushoto. Torsheni baa inataka uangalifu zaidi: ya kulia na ya kushoto hazibadilishani, na zina alama. Jambo la kukwepa kabisa ni jani lililonyooka kisha likarudishiwa upinde kwa moto wa mkaa. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa na kupozwa kiwandani kwa vipimo. Kikifanywa chekundu kwenye jiko la mtaani unyumbufu huo unatoweka, na shehena ya kwanza ya saruji italilaza tena.

Mpira hufuata sheria nyingine kabisa. Bushi huzeeka kwa joto, hewa na oili hata gari likiwa limeegeshwa, na hata ikiwa dukani haijafungwa popote. Mkono wa mtumba wenye bushi zake za zamani ni chuma kizuri kilichobeba mpira wa umri usiojulikana. Nunua chuma, ung'oe mpira. Shokapu ni mbaya zaidi. Haibebi uzito wa gari, kazi hiyo ni ya springi. Yenyewe hutuliza mrukaruko kwa kusukuma oili kupita kwenye valvu ndogo za pistoni na kuugeuza mwendo kuwa joto. Muuzaji akiisimamisha na kuibonyeza mbele yako, ikashuka kwa ugumu, hajathibitisha lolote la maana, kwa kuwa mkono wa binadamu huenda polepole ilhali barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati huisukuma shokapu mara nyingi kwa sekunde moja. Hapo ndipo oili iliyochoka hutoa povu na valvu zilizolika hukosa la kushika. Boljointi ya mtumba, nayo, ni kifaa ambacho kazi yake yote ni kulika taratibu ndani ya kikombe kilichofungwa usichoweza kukichungulia. Ikichomoka, gurudumu linalala. Hakuna punguzo la bei linalolingana na tukio hilo.

Lipo pingamizi la bei, na silichukulii kwa mzaha: seti kamili ya orijino kwa Hilux ya miaka thelathini inaweza kumlemea mwenye gari. Lakini hakuna aliyesema seti nzima inunuliwe kwa kipimo kimoja. Mpangilio wangu unafuata swali la nini kitatokea kifaa kikishindwa. Boljointi na tairodi endi hushika usukani, kwa hiyo hapo sikubali chochote chini ya Toyota au mtengenezaji anayejulikana, kutoka duka linalotoa risiti. Shokapu za KYB au Tokico zisizo na boksi la Toyota zinatosha. Bushi za mikono ziwe nzuri, kwa sababu kuzifunga kunataka kazi ya fundi, mashine ya kukandamiza na alaimenti, gharama utakayoirudia yote ukinunua mpira dhaifu. Bushi za majani ya springi zinavumilia zaidi, maana kwenye Hilux nyingi huingizwa vipande viwili kwa mkono. Ya bei nafuu ikiisha, utasikia mlio nyuma kwanza, na kuibadilisha si kazi ya siku nzima. Na hili la Uchina lisemwe kwa haki: viwanda vya huko vinatengeneza spea nzuri na mbovu, na bendera iliyo kwenye boksi haikuambii umeshika ipi.

Baada ya yote hayo, bushi ya orijino inaweza kuuawa siku ile ile inapofungwa. Bushi ya mkono iliyogandishwa na chuma ndani na nje haizunguki. Mpira wake ndio unaojikunja kila gurudumu linapopanda na kushuka. Fundi akiikaza bolti ya mkono gari likiwa juu ya jeki, gurudumu likining'inia, mpira unashikwa katika hali ya chini kabisa, na gari likitua tu unakuwa umeshajisokota kabla ya kusafiri hata kilomita moja. Bolti hizo huingizwa kwa kulegea, gari likashushwa likakalia magurudumu yake, ndipo zikakazwa kwa kipimo chake. Ni kazi ya dakika chache zaidi kwenye shimo la gereji. Isipofanywa, mpira unachanika mapema, na lawama zote zitapelekwa dukani.